Mkaguzi wa Ndani ya Kompyuta ya Domitila

Domitila Mabula hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa sababu tu kimesemwa. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani kwanza. Ukimpelekea kazi ya kuchapa, atahesabu kurasa mbele yako, atakuandikisha jina na kitongoji, kisha atakuuliza kwa nini hukwenda kwa Esteria, mchapaji wa ng'ambo ya barabara, kana kwamba kumjia yeye ni kosa. Watu walikwenda tu. Bariadi nzima ilijua kwamba barua iliyopita mikononi mwa Domitila haina kosa la herufi, na kwamba yaliyomo hayavuki kizingiti chake.

Shaka yake ilianzia kwenye mizani. Alizaliwa Mwandoya, nyumba ya wakulima wa pamba, na baba yake, mzee Mabula, hakupeleka pamba kituo cha ununuzi bila kubeba furushi moja la mahindi alilolipima kwanza kwenye mizani ya zahanati ya misheni. Akifika, kabla gunia lake halijaguswa, anasema, "Pimeni hili." Mizani ikisoma kama ya zahanati, anashusha mzigo. Ikisoma pungufu, anageuza punda bila kuaga. Makarani walimchukia. Wakulima wenzake walijipanga nyuma yake.

Domitila alimaliza darasa la saba, akajifunza taipu kwa masista, akaajiriwa ofisi ya ushirika Bariadi. Halafu biashara ya pamba ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, ushirika ukabaki na maghala ya popo, na makarani wakaanza kuitwa mmoja mmoja kupewa barua za kuachishwa kazi. Yake aliichapa mwenyewe mwaka 1995, kwa sababu mchapaji mwingine hakuwepo, na hakuacha kosa.

Wanunuzi wapya walikuwa na mizani mipya, na mizani ikisumbua walimwita fundi mmoja tu, Athanasi, mtu wa Nyashimo, mwenye pikipiki nyekundu na mkoba wa bisibisi. Wakulima waliapa kwamba kila Athanasi anapopita kurekebisha, pamba inapungua uzito. Tangu siku hizo Domitila akisikia kitu kinarekebishwa, anauliza kinarekebishwa kwa faida ya nani.

Mwaka 1998 alinunua kompyuta iliyotumika, kutoka Mwanza, akaiweka katika chumba cha mbele karibu na sokoni. Umeme aliuvuta kwa waya kutoka kwa jirani yake Joakim, mwenye mashine ya kusaga na jenereta. Mpango huo ulikuwa na ubaya mmoja. Nafaka ikiisha Joakim alizima, bila hodi, na kompyuta ilikufa katikati ya neno.

Ikiwashwa tena, haikufungua kazi kwanza. Ilileta kioo cha bluu chenye maneno ya Kiingereza na mstari wa njano unaotambaa. Domitila alichukua kamusi akatafsiri neno kwa neno. Kompyuta ilikuwa inasema haikufungwa inavyotakiwa, kwa hiyo inaikagua diski yake ya ndani, pale inapohifadhi kazi zote. Baada ya muda ikasema imeona kasoro. Ikauliza: nirekebishe, au nisirekebishe?

"Nani amekuita?" Domitila aliiuliza kwa sauti.

Akabonyeza isirekebishe. Ndani ya diski ile mlikuwa na barua za mapadri, kesi za ng'ombe, na wosia wa watu ambao bado walikuwa wanakula vizuri. Sasa kitu asichokiita kinataka kupita humo mafaili yote kikipekua, halafu kibadilishe kitakachoona hakikai sawa! Baadaye akajua kitufe cha kuukata ukaguzi hata kabla haujaanza. Kwa miaka miwili, kila Joakim alipozima, Domitila aliukata.

Shaka hiyo hiyo ilimzuia kutoa nakala ya rasimu, kwa sababu mteja mmoja aliwahi kuichukua akaenda kumalizia kwa Esteria. Ilimzuia pia kuweka kazi kwenye flopi, kile kidiski bapa cha kubebeka. Flopi inaingia katika mfuko wa shati.

Hivyo nyimbo za Kasmiri zilikuwa mahali pamoja tu duniani.

Kasmiri alikuwa mwalimu wa kwaya ya parokia, mtu mrefu, mwenye kifua cha kuimba na masikio ya kusikia anachotaka. Januari ya mwaka 2000 alileta daftari la nyimbo thelathini na mbili alizotunga mwenyewe, nyingi kwa Kisukuma. Domitila alichapa kila kitu kilichokuwemo, hadi vijineno vya penseli vya pembeni, kwa maana kazi yake ni kuchapa, si kuchagua. Kasmiri akarudi na daftari lake nyumbani, akalitupa chini ya kitanda, na mchwa wakafanya walichoumbiwa. Hakuhangaika. Alisema, zipo kwa Domitila.

Mwezi wa tano, Jumatatu asubuhi, akaja.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu. Nimefuata nyimbo. Alhamisi tunakwenda Mwanza kurekodi kaseti, studio wametupa siku moja tu. Nichapie zote, kila sauti ipate nakala yake."

Domitila akafungua kompyuta. Jina la kazi lilikuwepo: NYIMBO. Akalibonyeza. Kompyuta ikaguna ndani kama mtu anayetafuna mchanga, kisha ikasema haisomeki. Akabonyeza tena. Haisomeki.

"Vipi?" Kasmiri aliuliza.

"Subiri."

"Nasubiri. Lakini naona jasho."

"Jasho ni langu, mwalimu. Wewe tazama ukuta."

Alijaribu mara nane. Mara ya tisa akageuka. "Haifunguki."

Kasmiri hakupiga kelele, na hapo ndipo Domitila alipojua kwamba kuna jambo. "Wiki iliyopita," alisema polepole, "nimesikia kaseti ya kwaya moja ya Maswa. Mle ndani mna wimbo wangu. Ule wa tatu, wa mavuno, mzima mzima. Nikajiuliza, umefikaje Maswa? Nikajijibu mwenyewe, acha dhambi, Kasmiri, Domitila ni mtu safi. Leo unaniambia hazifunguki."

"Unasema nimeuza nyimbo zako?"

"Sijasema."

"Umesema ukiwa umefunga mdomo. Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Mchana huo, kwenye mazoezi, Kasmiri alifungua mdomo. Aliwaambia wanakwaya arobaini kwamba nyimbo zao zimeuzwa Maswa na mchapaji, na sasa mchapaji anasingizia mashine. Kabla ya saa kumi na moja habari ilikuwa imefika sokoni, na mteja wa kwanza alikuja kuchukua karatasi zake. Wa pili alinyoosha mkono tu, kama anayedai mtoto wake.

Domitila alielewa kilichoko mbele yake. Nyimbo zisipopatikana kabla ya Alhamisi, hakuna kaseti, na hilo lilikuwa la Kasmiri. La kwake ni kwamba mchapaji anayeuza maneno ya watu hana mteja hata mmoja, iwe Bariadi, iwe Maswa. Jina ndilo lililokuwa duka lake. Ile kompyuta ilikuwa sanduku tu.

Na katika wilaya nzima, mtu aliyejua kufungua sanduku hilo alikuwa mmoja. Mizani ilikwisha kuingia ya kisasa isiyotaka bisibisi, naye akahamia kwenye kompyuta. Athanasi.

Alifika Jumanne saa tatu kwa pikipiki ile ile. Domitila alimsimamisha mlangoni.

"Mkoba uache nje."

"Mama, ndani ya mkoba mna vifaa."

"Ndiyo maana."

Athanasi akauweka chini ya kibaraza, akaingia mikono mitupu, akakaa. Aliwasha, na kioo cha bluu kilipotokea, kidole cha Domitila kikaenda kwenye kitufe chake. Athanasi akamshika mkono hewani.

"Unafanya nini?"

"Naikata. Hiyo huwa inapekua."

"Huwa unaikata mara zote?"

"Mara zote."

Fundi alimtazama kama daktari anayetazama kidonda kilichofungwa na majani ya mahindi. "Mayu, huyu unayemkata ndiye aliyekuwa akutibie. Hii ni programu ya kukagua diski. Sijaileta mimi, wala haikutoka Mwanza kwenye flopi ya mtu. Imo ndani tangu kompyuta ilipotengenezwa. Umeme ukikatika, vipande vya kazi vinabaki vimetawanyika, na orodha inayosema kipi kiko wapi inachanganyikiwa. Yeye anapita, anaoanisha orodha na vipande. Miaka miwili umemfungia mlango."

"Na akiona kasoro anafanya nini?"

"Anarekebisha."

"Kama wewe ulivyokuwa unarekebisha mizani."

Athanasi akapangusa vidole kwenye suruali. "Mizani nilikuwa naiacha sawa asubuhi. Mchana mnunuzi anabandika kipande cha madini ya risasi upande wa mawe ya kupimia, pamba isomeke pungufu. Nikipita wiki inayofuata, nakitoa. Nikiondoka, kinarudi."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa nataka kuitwa tena."

"Basi usijisafishe hapa kwangu," Domitila alisema. "Na hicho kimashine hakigusi diski yangu mpaka nikipime."

"Utapimaje programu?"

Domitila alifungua sanduku la mbao akatoa flopi moja, pekee aliyokuwa nayo. Iliachwa na mteja aliyehamia Musoma, ikakaa juu ya spika ya redio mwezi mzima, sumaku ikaiharibu. Ilikuwa na barua nane za jumuiya. Barua hizo hizo, zilizochapwa na kupigwa muhuri kabla ya kuharibika, alikuwa nazo kwenye jalada.

"Yaliyomo nayajua," alisema. "Irekebishe hii kwanza. Nione itarudisha kilichokuwemo au itarudisha chake."

Athanasi akacheka kidogo, kisha akaacha, maana aliona hatanii. Akaingiza flopi. Kioo kikajaa vijisanduku vidogo kama mashamba yanayotazamwa kutoka mlimani, na programu ikaanza kuyapita moja moja. Penye ubovu iliweka alama ya B. Kabla ya kugusa chochote ikasimama na swali.

"Inasemaje?" Domitila alikuwa na kamusi mapajani.

"Inauliza kama unataka ihifadhi hali ya zamani kwenye flopi nyingine, ili ukijuta uirudishe kama ilivyokuwa."

Domitila alitafuta neno hilo kwenye kamusi mwenyewe. Lilikuwa hivyo hivyo. "Sijawahi kuona mizani inayoruhusu mtu ajute," alisema. "Flopi nyingine sina. Endelea."

Ilipomaliza, alichapa barua zilizorudi akaketi nazo kwa rula, mstari kwa mstari, hii na ya jaladani, hii na ya jaladani. Athanasi alikunywa chai mbili na kusinzia. Barua sita zilikuwa nzima. Ya saba ilikosa aya ya mwisho. Ya nane haikurudi kabisa, na programu ilikuwa imesema hivyo: mahali hapa pamekufa, pamewekwa alama, hapatatumika tena.

"Haikuongeza neno," Domitila alisema.

"Iongeze la nini?"

"Wanaorekebisha huwa wanaongeza." Alizigonga karatasi zikae sawa. "Na iliposhindwa imesema imeshindwa. Haya. Kesho asubuhi, diski yenyewe. Na Kasmiri awepo."

Jumatano Kasmiri alikuja amekunja mikono, akachagua kiti kilicho mbali na kila mtu. Domitila alimweka mbele ya kioo. "Kaa hapa uone mwenyewe. Baadaye usije ukasema tulizificha ulipokuwa umelala."

Athanasi alieleza kwamba diski ni kubwa na ukaguzi kamili utachukua saa nyingi. Akainua kidole kuelekea ukutani, ambako jenereta ya Joakim ilikuwa inanguruma. "Ila umeme huo usikatike katikati. Ukikatika wakati anahamisha vipande, hata hivi vilivyobaki sivipigii dhamana."

Domitila akatoka mbio.

"Joakim! Leo usizime."

"Mayu, nafaka ikiisha nazima. Siwezi kusaga upepo."

"Nafaka haitaisha."

Alianza na madebe mawili ya mahindi yake. Kisha akapita nyumba kwa nyumba na banda kwa banda, akiwaambia wanawake wenye mtama, wenye mahindi, wenye mihogo mikavu, walete leo, foleni ni fupi. Wengine walimtazama kwa jicho la kaseti ya Maswa. Mmoja, Monika, muuza dagaa, akamrushia, "Leo mchapaji umekuwa dalali wa mashine? Au napo unauza?"

"Leta mahindi, Monika. Matusi utayasaga baadaye."

Mahindi yakaja. Jenereta ikaunguruma saa tano, saa sita, saa saba. Ndani, vijisanduku vilipitwa moja moja, na alama za B zikatokea hapa na pale. Kila B ilipotokea Kasmiri alivuta pumzi kwa pua. Domitila aliziandika zote kwenye daftari, na Athanasi alipouliza za nini, akasema ili ajue ni ngapi, isije kesho zikawa nyingine.

Saa nane programu ilisimama. Orodha imerekebishwa. Vipande ambavyo havikujulikana ni vya nani vimekusanywa na kupewa namba badala ya majina.

NYIMBO ikafunguka. Kasmiri aliinuka mzima, kiti kikaanguka. Nyimbo ishirini na saba zilikuwepo, na sauti zake zote nne. Wimbo wa tatu haukuwepo, wala nyingine nne.

"Ule ule," Kasmiri alisema, akikunja mikono tena. "Ishirini na saba zimerudi, ila ule uliokwenda Maswa ndio umepotea. Mashine yako ina akili, mayu."

"Kuna vipande," Athanasi alisema.

Wakavifungua kimoja kimoja. Vingi vilikuwa takataka za herufi, vingine nusu za barua za watu, na hizo Domitila alizifunga haraka akiwafukuza macho. Kipande cha kumi na moja kilikuwa na beti mbili za wimbo wa ubatizo. Cha kumi na nne kilikuwa wimbo wa tatu, karibu wote, umekosa kiitikio. Domitila akausoma kwa sauti kavu ya karani, kama anasoma hati ya mashtaka, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka chini kabisa, kwenye vile vijineno vya penseli alivyokuwa amevichapa bila kuvichagua.

"'Umefundishwa kwanza Maswa,'" alisoma, "'semina ya waalimu wa kwaya, Juni 1997. Wameupenda.'"

Kule nje mawe ya Joakim yalikuwa yanasaga.

"Rudia," Kasmiri alisema.

"Sirudii. Soma mwenyewe, maneno ni yako. Wameupenda, unaona? Wameupenda mpaka wameurekodi."

Kasmiri aliinama akasoma. Alisoma mara mbili, midomo ikitembea. Masikio yake makubwa yakabadilika rangi. "Nilisahau," alisema. "Tulikuwa waalimu kumi na wanane. Niliuandika ubaoni."

"Ubaoni! Halafu unanitafuta mimi."

"Mayu, pole. Wabeja sana, umeziokoa. Nilipoona hazifunguki..."

"Ungeuliza. Mimi nisiyemwamini mtu, hata hiki kimashine nimekiuliza kabla ya kukihukumu."

Athanasi aliangalia dirishani kwa bidii, kama mtu aliyeona pikipiki yake inaondoka.

Kazi ilikuwa bado. Kasmiri alikaa karibu na Domitila, safari hii bila kukunja mikono, akiimba kwa sauti ya chini mistari iliyokufa huku yeye akichapa. Nyimbo tatu ziliungana. Wa nne ulibaki na beti mbili, na Kasmiri akasema hizo mbili zinatosha, ubeti wake wa tatu ulikuwa mrefu bure. Wa tano haukukumbukwa na mtu. Domitila aliandika mahali pake: "Wimbo wa 29 umepotea," akakataa kabisa kuufuta mstari huo hata Kasmiri alipolalamika kwamba unatia aibu. Printa ilianza kutoa karatasi. Na kwa mara ya kwanza tangu aingie katika biashara hiyo, Domitila alimtuma Athanasi kwa Esteria kununua flopi mbili mpya, akanakili nyimbo zote mara mbili. Moja aliifungia sandukuni. Nyingine alimpa Kasmiri, baada ya kuishika kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyolazimu.

"Nimalize deni gani tena?" Kasmiri aliuliza, akikusanya nakala.

"Saa kumi na moja mna mazoezi?"

"Ya mwisho, kabla ya safari."

"Nakuja."

Wanakwaya arobaini walikuwa wamejipanga kanisani wakati Domitila alipoingia na kusimama penye mlango, mkoba mkononi, hakukaa. Kasmiri alimwona. Aligawa karatasi kwanza, kwa muda mrefu, akizihesabu upya. Alikohoa. Akawaambia wafungue wimbo wa tatu.

"Mwalimu," Domitila alisema kutoka mlangoni.

Kasmiri akaweka karatasi chini. "Kabla hatujaanza," alisema, akiangalia miguu yake, "Jumatatu nilisema hapa kwamba nyimbo ziliuzwa. Hazikuuzwa. Wimbo ule niliwafundisha watu wa Maswa mimi mwenyewe, nikasahau. Mama Domitila hana kosa."

Aliyasema kwa haraka na kwa chini, kama mtu anayesoma tangazo la msiba wa ukoo mwingine, akainua mkono kuanzisha wimbo.

"Sauti, mwalimu," Domitila alisema. "Hao wa sauti ya nne, huko nyuma, hawajasikia."